Jina Alilodai Mtani Mlangoni

Kumbukumbu ya Meja Jenerali mstaafu Hashimu Mnyachi
Mahurunga, Mtwara, Julai 2007

Mjomba,

Ni mwaka mmoja sasa tangu jeneza lako lilipomruka mtani wetu mlangoni na kwenda makaburini bila ruhusa yake. Wengi waliokuja siku ile wanakumbuka magari, bendera na askari waliopiga saluti. Sisi wa nyumbani tunamkumbuka mwanamke aliyelala kizingitini, na miguu ya wabebaji ikipita juu yake mmoja mmoja.

Ninayeandika ni Somoe, binti wa dada yako Tatu. Mama amesema niandike mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha.

Tuanze na mema. Yalikuwapo, na hatutaki mtu aseme tumeyaficha.

Ulipostaafu mwaka 1994 ungeweza kubaki Dar es Salaam kama wenzako. Ulirudi. Ulijenga nyumba Chikongola mjini, karibu na soko, na nyingine huku Mahurunga kwenye mikorosho ya Bibi, na huku ndiko ulikolala siku nyingi zaidi. Mvua ilipoangusha jiko la jirani, ulipanda juu kuezeka mwenyewe, ukiwa na miaka hamsini na sita. Hukumruhusu mtu akubebee ndoo.

Mimi niliacha shule darasa la tano Bibi alipopooza, nikaja kumuuguza. Ulinikuta nasoma kwa kidole na kuandika kwa tabu. Kila siku baada ya sala ya alasiri ulinipa fomu za zamani za jeshi, zilizo tupu upande wa nyuma, ukaniambia, "Andika ulichokiona leo. Usiandike ulichosikia." Ulisahihisha kwa kalamu nyekundu, na nilipopatia ulinipa korosho za kukaanga mkono mzima.

Leo pia naandika nilichokiona.

Asubuhi ulikuwa na hesabu yako. Ulisimama barazani na msuli wako na fulana, kikombe mkononi, ukatuita kuanzia mkubwa. "Tatu." "Nipo." "Fadhili." "Nipo, Mjomba." "Nasra." "Nipo." "Somoe." Mimi nilijibu kwa sauti ndogo, nawe kila siku ulisema, "Sijamsikia Somoe, labda kaliwa na panya." Kama mtu hakuwapo, mwingine alimjibia: yuko shamba, yuko kisimani, ametumwa dukani. Hukunywa hata funda moja la chai mpaka kila jina limejibiwa. Ulisema kamanda anayekula kabla ya kuhesabu watu wake ni mwizi.

Ndivyo ulivyokuwa jeshini pia. Katika vita vya Kagera ulipoteza vijana kumi na mmoja. Vita vilipokwisha ulichukua likizo, ukaenda nyumba kwa nyumba: Newala, Masasi, Nachingwea, na mmoja mbali kabisa huko Singida. Hukutuma barua, wala hukumtuma mtu. Ulivua viatu mlangoni, ukakaa mkekani, ukamwambia mama wa kijana, "Mwanao nilimtuma mimi." Yule mama wa Newala alikupiga kofi. Hukuondoka. Jioni akakupikia ugali wa muhogo, mkala pamoja.

Habari hiyo uliisimulia jukwaani mara nyingi ulipoingia siasa, na kila ulipoisimulia watu walinyamaza. Walisema mtu anayeweza kusema "nilimtuma mimi" anafaa kuwa mbunge. Kura zako zilitoka hapo. Sera za chama walizisikiliza kwa heshima tu.

Mwaka 1995 chama chako cha kwanza kilikukata kwenye kura za maoni. Mwaka 2000 ukahamia chama cha pili, ukashindwa kwa kidogo. Kwenye msumari wa chumbani kwako zikaning'inia kofia tatu: ya jeshi na za vyama viwili. Mama akakutania, "Kaka, kichwa kimoja hiki kitachoka." Ukamjibu, "Kichwa hakichoki, Tatu. Inayochoka ni shingo, kwa kugeukageuka." Tulicheka mpaka Fadhili akamwaga chai.

Fadhili ni kaka yangu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama, na mpwa wako wa kwanza. Alikuwa fundi wa mitumbwi na mkulima wa mpunga, mwembamba, mcheshi, mwenye pengo la mbele alilolipata kwa kuanguka mkoroshoni akiiba mabibo yako. Nasra ni mkewe. Tunaeleza hivi kwa sababu wako wasomaji ambao hawajawahi kulisikia jina lake kwenye hotuba yako yoyote, na wengine wamelisikia vibaya.

Mbunge wa jimbo letu alifariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo Machi 2003, katikati ya masika. Mvua za mwaka ule watu wa huku hawajazisahau. Ruvuma ilipanda mpaka kwenye mihogo. Karibu na mlango wa mto kulikuwa na kitongoji cha wakulima wa mpunga, juu ya visiwa vya mchanga, nacho kilikuwa na kituo chake cha kupigia kura. Wakala wako aliishi hukohuko. Kilichokosekana ni barua yake ya utambulisho tu, kwa sababu barua zilichelewa kugongwa muhuri mjini. Zilifika kwako Jumamosi asubuhi. Kura zilikuwa Jumapili.

Nilikuwa naleta uji barazani. Nilimsikia Abdallah, mvushaji ambaye amezeekea kwenye mto ule, akikwambia, "Jenerali, leo hapapitiki. Maji ya juu yanashuka, na saa nne bahari inajaa. Yakikutana pale mdomoni, mtumbwi unageuka kama jani."

Ukamuuliza, "Umevuka mto huu mara ngapi, Abdallah?"

"Sina hesabu. Na niko hai kwa sababu siku nyingine sivuki."

Watu walicheka. Wewe hukucheka. Ukasema, "Mimi nilivuka Kagera mizinga ikilia."

"Mzinga unachoka, Jenerali. Maji hayachoki."

Hapo ulikuwa na nafasi ya kumsikiliza. Maisha yako yote jeshini ulituambia kuwa mjinga ni yule asiyemsikiliza mwenyeji wa njia. Badala yake uligeuka ukaita, kwa sauti ileile ya hesabu, "Fadhili."

"Nipo, Mjomba."

"Utaipeleka wewe."

Alikuwa anakula muhogo. Aliuweka chini. Alimtazama Abdallah, kisha akamtazama Nasra, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano. Nasra alikwambia, "Mjomba, kesho alfajiri labda maji yatakuwa yamepungua." Ukamjibu bila kumtazama, "Kesho alfajiri kituo kinafunguliwa. Kituo bila wakala ni kambi bila mlinzi."

Ukaiweka barua juu ya goti, ukaongeza chini yake kwa mkono wako: "Mleta barua hii ni mpwa wangu Fadhili. Mpokeeni." Ukaweka sahihi na tarehe. Mimi ndiye niliyeitia kwenye mfuko wa nailoni na kuifunga kifuani mwake kwa uzi wa nyavu, chini ya shati. Alinitania, "Unakaza hivyo, unafunga mbuzi?" Nilicheka. Nikakaza zaidi.

Abdallah alisimama ukingoni mpaka mtumbwi ukapotea kwenye mvua. Aliporudi hakupita kwako kukuaga.

Jumapili watu walipiga kura. Jumatatu walikubeba mabegani Chikongola, tarumbeta zikilia, shada la maua shingoni. Jumanne Fadhili aliletwa Kilambo, kivukoni.

Wanawake wa upande wa Msumbiji waliokuwa wakifukuza ndege mashambani walimkuta kwenye mchanga. Mmoja wao alivua kanga yake, wakamfunga, wakamleta kwa mtumbwi mpaka ukingo wetu. Hatukupata kujua jina la mwenye kanga. Mama anayo mpaka leo. Walipomvua shati ili aoshwe, barua ilikuwa palepale kifuani, na ndani ya nailoni ilikuwa kavu.

Ulishinda kwa kura mia sita na arobaini. Kitongoji kile kina wapiga kura mia moja na tisini. Hata wote wangekunyima, bado ungeshinda. Tumeifanya hesabu hiyo mara nyingi jikoni, mimi na Nasra, na kila mara jibu ni hilohilo.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuuma kuliko kifo chenyewe. Mto huua, na mtu mwenye haraka hukosea, hata jenerali. Tungekusamehe kabla hujamaliza kusema.

Kwetu mtoto ni wa mjomba. Mpwa akifa, mjomba ndiye anayesimama matangani mbele za watu na kuuliza, "Mpwa wangu amekufaje?" Baba haulizi, mama haulizi. Wanamngoja mjomba. Tulikungoja. Mama alikaa mkekani akikutazama mdomo. Hatukuwa na mtu mwingine wa kuuliza, na aliyepaswa kuuliza ndiye aliyepaswa kujibu.

Ulisimama ukasema, "Kazi ya Mungu haina makosa. Kijana alikuwa katika shughuli zake." Ukakaa.

Na kwa polisi uliandika maelezo kwamba marehemu alikuwa akivuka kwenda Msumbiji kwa biashara zake binafsi. Mtu yeyote wa ukanda huu akisikia biashara binafsi za mtoni wakati wa mafuriko, anajua kinachosemwa. Wanasema sukari ya magendo. Ndani ya wiki moja Mahurunga nzima ilikuwa na habari kwamba Fadhili alizama na magunia.

Mama alikufuata chumbani. Alikuuliza kwa nini. Ulimwambia wapinzani wanakwenda mahakamani kuyapinga matokeo, na wakijua ulimtuma mtu kwenye mafuriko watakumaliza. "Subiri kesi iishe, Tatu, nitasema." Kesi iliisha baada ya miezi minane. Ulishinda. Ukaenda Dodoma. Hukusema. Mwaka 2005 ukarudi kwenye chama chako cha kwanza, ukachaguliwa tena, na jukwaani ukasimulia tena habari za mama wa Newala na kofi lake. Tulikuwa tumesimama nyuma ya jukwaa, Mjomba. Nasra alikuwa amembeba mwanawe mgongoni. Watu walinyamaza kama kawaida yao, na wengine walifuta machozi.

Asubuhi ya kwanza baada ya matanga ya Fadhili ulitoka barazani na kikombe chako. Nilidhani hutaweza. Ukaita, "Tatu." "Nipo." "Nasra." "Nipo." "Somoe." Hukuvuta hata pumzi pale palipokuwa na jina lake. Ulifunga safu kama jeshini mtu anapoanguka na wenzake wanasogea kuziba nafasi. Kisha ukanywa chai.

Ulituua pale, siku ile, na kikombe mkononi.

Mtoto wa Fadhili ni msichana, Rehema. Amezaliwa miezi minne baada ya baba yake kufa. Ana miaka minne sasa na ana pengo lilelile la mbele, ingawa yeye meno yake yataota. Mwezi uliopita alirudi kutoka chuo cha Kurani akiimba wimbo aliofundishwa na wenzake: mto wetu una chai tamu, baba yake Rehema katia sukari. Aliuimba huku anacheza. Alidhani ni wimbo wa kumsifu baba. Nasra aliingia ndani akafunga mlango.

Kwa ajili ya wimbo huo tunaandika. Mtoto huyo atakua. Siku moja atauelewa.

Turudi kwako. Julai ya mwaka jana figo zilikushinda, ukalazwa. Siku mbili kabla hujafa, saa sita mchana, nilikuwa nakulisha uji na Mama amekaa miguuni pako. Ulifumbua macho ukaanza hesabu.

"Tatu."

"Nipo, kaka."

"Fadhili."

Niliinua kijiko, ukafunga mdomo. Ukangoja. Ukaita tena, "Fadhili."

Mama akasema, "Hayupo, kaka."

"Yuko wapi?"

"Ametumwa."

"Kamtuma nani?"

Mama alikufunika miguu kwa shuka. Kisha akasema, "Unamjua."

Nilisikia watu wa chama wakizungumza nje kwenye korido, walikuja na matunda. Ukasema, "Nilimtuma mimi."

Mama aliteremka kitandani akakaa sakafuni. Miaka mitatu alikuwa akiyangoja maneno hayo mawili. Akakuuliza, "Niwaite walioko nje, wasikie?" Na wewe, Mjomba, hata pale, na mpira puani, ulitoa amri. Ulisema, "Msiseme mpaka nizikwe."

Kisha ukaumaliza uji wote.

Tulikutii. Hilo ndilo linalonikasirisha mimi binafsi mpaka leo, kwamba tulikutii. Tumezoea kukutii kama wengine walivyozoea kula.

Siku ya mazishi Mama Raheli alikuja mapema. Wageni wa mbali wajue kwamba Mama Raheli ni Mngoni, na Wangoni ni watani wetu tangu vita vya mababu. Ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya kijiji, na Rehema ameingia duniani mikononi mwake. Mtani ana haki yake msibani: anamwiga marehemu, anamtukana, anachekesha waliao, na anachodai hupewa kabla maiti haijatoka. Mtani harukwi. Hilo hata mtoto analijua.

Alivaa kofia yako ya jeshi kinyumenyume, kafi la mtumbwi la Fadhili begani kama bunduki, akapita katikati ya askari wa heshima akitembea kwa mwendo wako.

"Mmakonde gani huyu analala mpaka saa saba mchana? Jenerali, amka, hesabu! Kila siku mnatusumbua na hesabu, leo mbona kimya?" Akasimama mbele ya afisa mmoja. "Na wewe, simama vizuri, tumbo ndani. Babu zangu waliwakimbiza babu zake mpaka mtoni. Huyu kaona mto umejaa, kakimbilia kaburini."

Hata maafisa walicheka. Mama alicheka akilia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuhisi kwamba aliyekufa ni wewe, wala si mtu wa serikali.

Jeneza lilipoinuliwa, Mama Raheli alijilaza kizingitini, kafi juu ya kifua. Bwana Filipo, katibu wa chama, akatoa noti. "Mama, chukua, watu wamechelewa."

"Iweke, wewe mwenye tai. Sidai noti. Nadai jina."

"Jina gani tena?"

"Kafi hili lina mwenyewe. Nani alimtuma mtoni? Nipeni jina la aliyemtuma, nitaondoka."

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja akasema, "Kalewa huyu."

"Sijalewa. Hata maji hamjanipa."

Wote walimtazama Mama. Mama alitazama chini. Jeneza lilikuwa bado mabegani, ulikuwa hujazikwa, na amri yako ilikuwa bado inafanya kazi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Jina lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza. Bwana Filipo akasema, "Pitisheni." Wabebaji walisitasita, kisha wakapita juu yake, mguu mmoja baada ya mwingine, na kivuli chako kikampita usoni.

Mama Raheli hakufumba macho. Alisema, "Haya. Mmeniruka. Sasa huyu hatafika mbali."

Tangu siku ile Mama hautumii mlango wa mbele. Anapita uani, mvua au jua.

Mwezi uliopita Bwana Filipo alikuja na karatasi iliyopigwa chapa, kumbukumbu yako, tayari kwa gazeti. Alinipa kalamu. "Dada Somoe, hapa chini tu, kwa niaba ya familia."

Niliisoma yote. Ninasoma polepole, akawa anatikisa mguu. Ilikuwa na Kagera, bunge, barabara, zahanati na neno shupavu mara nne. Nikamuuliza, "Na Fadhili?"

"Fadhili yupi?"

"Mpwa wake. Aliyekufa siku ya kuamkia uchaguzi."

"Aa, yule wa sukari? Hapana, dada, hayo si ya kuweka kwenye kumbukumbu ya mtu mkubwa."

Nilimrudishia kalamu yake. Mimi ninayo yangu, uliyonipa wewe.

Basi, Mjomba, ulisema tusiseme mpaka uzikwe. Umezikwa, na amri yako imekwisha.

Sisi familia yako tunasema hivi. Fadhili hakuwa na gunia la sukari wala biashara ya mtoni. Alibeba barua moja ya wakala wa uchaguzi. Alionywa, nawe ulionywa, na alikwenda kwa sababu ulimtuma. Barua ipo kwa Mama, ina muhuri wa chama na mwandiko wako. Anayetaka kuisoma aje, mlango uko wazi, hata Bwana Filipo. Wale wanawake wa ng'ambo waliomfunika mwenzetu, kama habari hii itawafikia, kanga yenu imetunzwa.

Hatuandiki haya ili uteswe huko uliko. Tunakuombea kila Ijumaa, na tutaendelea. Lakini tumekasirika, na tumechoka kukuombea kwa sauti ya chini kama watu walioiba. Uliweza kwenda mpaka Singida kwa miguu na basi kumwambia mwanamke usiyemjua kwamba mwanawe ulimtuma wewe. Kutoka baraza lako mpaka mkeka wa dada yako ni hatua sita. Nimezipima.

Dua itasomwa Mahurunga Ijumaa hii baada ya sala. Mama Raheli tumekwenda kumwomba radhi, na tumemwomba alale tena kizingitini na kafi lile. Alituuliza, "Mtaniruka tena?" Mama akamwambia, "Safari hii utalipwa unachodai." Mama atasimama upande wa ndani na hatatoka mpaka mtani ameinuka. Rehema atakuwa mbele, aone na asikie.

Jina nitalisema mimi. Nitalisema kwa sauti, watu wa barabarani wasikie. Hutasema nimeliwa na panya.

Mtani akiinuka, Mama atatoka kwa mlango wa mbele. Nawe utapita, Mjomba. Utafika huko ulikozuiwa mwaka mzima.

Wanaokukumbuka ni hawa, na kwa kuwa hukupenda orodha isiyojibiwa, tumejibu kama ulivyotufundisha, kuanzia mkubwa:

Dada yako Tatu: nipo.

Mpwa wako Fadhili: ametumwa, hajarudi. Aliyemtuma ni Hashimu.

Mke wa mpwa wako, Nasra: nipo.

Mpwa wako Somoe: nipo.

Mjukuu wako Rehema, ambaye hukuwahi kumwita: nipo.

Hesabu imetimia. Sasa unaweza kunywa chai yako. Daima tutakukumbuka, na kila tutakapokukumbuka, tutamtaja na yeye.